Mkanda wa Harusi ya Mtua

Mwezi mmoja baada ya mama yangu kutolewa mtoto wa jicho, aliniomba nimwonyeshe uso wa mama yake. Alikuwa amekaa miaka sita akiona watu kama vivuli nyuma ya pazia, nami nilidhani atataka kwanza kuwatazama wajukuu wake, au mikorosho yake ambayo kwa muda wote huo alikuwa akiihesabu kwa kupapasa. La. Alisema, "Baba, kwa kuwa sasa naona, nitafutie ile video ya harusi nimwone Mama." Nikajibu upesi kwamba hilo ni jambo dogo.

Bibi alifariki mwaka 2001. Picha yake ya karatasi ilikuwa moja tu, ya studio, nayo ililiwa na mchwa pamoja na fremu yake. Zaidi ya hiyo tulikuwa na video ya harusi ya mama yangu mdogo, iliyopigwa kijijini kwetu Mtua mwezi wa Agosti mwaka 1996. Nakala niliyokuwa nayo ilikuwa katika simu, nimetumiwa na mpwa wangu kwa WhatsApp. Niliihamishia kwenye kompyuta, nikaifungua katika programu ya kuhariri ili nikate vipande vya Bibi na kuvipanga pamoja, kisha nikaunganisha kompyuta na televisheni kubwa ya sebuleni. Mama akaketi mkekani, karibu kabisa na kioo.

Bibi alipotokea hakuwa na uso. Alikuwa na miraba. Shavu lilikuwa mraba mmoja wa kahawia, paji la uso miraba minne, na mahali pa macho palikuwa na giza la pembe nne lililokuwa likiruka kutoka mahali hadi mahali kila alipogeuza kichwa. Wachezaji walipopita mbele yake alivunjika kabisa, akawa kama ukuta wa matofali unaotikisika, kisha akajikusanya tena pole pole. Mama alitazama kimya. Akafumba jicho moja, akalifumbua, akafumba la pili. Mwishowe akasema, "Sauti ni ya Mama, lakini huyo si Mama. Daktari amenificha, macho yangu bado."

Nilimwapia kwamba hata mimi naiona miraba hiyo hiyo. Hakuniamini. Alidhani namfariji, kama tulivyokuwa tukimfariji miaka yote sita.

Ili msomaji aelewe kwa nini nilihangaika kiasi kile kwa ajili ya mkanda mmoja wa harusi, hana budi kujua kwamba sisi watu wa Nachingwea na Ruangwa tumepigwa picha nyingi, lakini aghalabu hatukubaki nazo. Mwaka 1947 Waingereza walipoanzisha Mradi wa Karanga katika Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea, walileta matingatinga, na nyuma ya matingatinga walileta kamera za sinema. Watu waliokuwa wameketi katika majumba ya sinema ya Uingereza waliiona misitu ya Tanganyika ikianguka kabla ya ndugu wa wale waliokuwa wakiiangusha kujua kinachoendelea. Mradi ule ulikatishwa Januari 1951, baada ya kumeza pauni zaidi ya milioni 36. Reli iliyojengwa kwa ajili yake kutoka pwani hadi Nachingwea ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mataruma na vyuma vyake vikang'olewa. Filamu zake ziko Uingereza.

Kisha walikuja wapigania uhuru wa Msumbiji. FRELIMO walikuwa na kambi yao kuu ya mafunzo Nachingwea, na ni kutoka kwetu huku ndipo Samora Machel alipoanza, mwaka 1975, safari ya kuvuka Ruvuma na kuipita nchi yake yote hata akafika Maputo kwa uhuru wa Juni 25. Walikuja watu wa nje wenye kamera wakawapiga picha, nazo picha hizo zilikwenda na wenyewe, na ilikuwa haki yao. Sisi wenyeji, kama tunaonekana humo, tunaonekana pembeni: mtu aliyebeba mzigo, mtoto aliyesimama akishangaa.

Na hata picha za kutazama tu zilikuwa adimu. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini huku Bara Serikali ilipiga marufuku mwaka 1974 kuingizwa kwa kompyuta na televisheni, kwa hoja kwamba nchi maskini ina mambo ya lazima zaidi ya kununua. (Mimi sikuwahi kuichukia hoja hiyo. Mwalimu wangu wa darasa la sita aliieleza vizuri mno.) Masharti ya biashara yalipolegezwa katikati ya miaka ya 1980 deki za video zikaanza kupenya, na mabanda ya video yakaota mijini kama uyoga. Vituo vya kwanza vya televisheni vya Bara vilianza mwaka 1994. Kwa hiyo mwaka 1996, mtu wa Mtua akikuambia ameona picha inayotembea, alikuwa na maana ya filamu ya karate ndani ya banda huko Nachingwea mjini.

Hapo ndipo mjomba alipofanya jambo ambalo ukoo haujalisahau. Alikuwa mtumishi Dar es Salaam, na mdogo wake alipoposwa akaapa kwamba harusi ile itapigwa video. Alimleta rafiki yake mwenye kamera ya kubeba begani, ile kubwa inayomeza kaseti nzima ya VHS. Walilala njiani wakisubiri kivuko cha Ndundu katika Mto Rufiji, kwa kuwa Daraja la Mkapa lilikuja kufunguliwa mwaka 2003, na kamera ilisafiri imefungwa kanga tatu kwa sababu ya vumbi. Mtua haikuwa na umeme. Betri tatu zilichajiwa mjini, na ya tatu ilikata roho jioni bi harusi akiwa bado anatoka mlangoni. Ndiyo maana harusi yetu haina mwisho.

Wiki ile ile ukoo mzima ulitembea kwenda mjini, mjomba akakodi banda la video kwa saa tatu, tukajitazama. Bibi alikaa mbele. Alipojiona alicheka, kisha akaacha kucheka, akauliza, "Mimi ni mfupi hivi?"

Katika mkanda huo Bibi anazungumza. Mpiga picha alimwomba awatakie maharusi heri, naye akawatakia kwa maneno machache, halafu bila kuulizwa akaanza habari ya treni: jinsi yeye na wasichana wenzake walivyotembea tangu alfajiri kwenda kuliona hilo gari la moshi Nachingwea, na jinsi walivyokimbia lilipopiga honi, mmoja wao akaacha mtungi wake palepale. Akasema kwamba Wazungu wa karanga walikuwa wakipiga picha siku hiyo. "Labda nami nimo," akasema. Nimewaza sana juu ya maneno hayo. Huenda yumo. Huenda katika ghala fulani la filamu huko Uingereza kuna wasichana wanne wanakimbia kwa sekunde mbili, na mmoja wao ni yeye, na hakuna hata mtu mmoja aliye hai awezaye kumtambua isipokuwa mwanamke aliyekuwa ameketi mkekani kwangu akidhani ni kipofu bado.

Sasa niisimulie ile kazi ya kompyuta, nayo nitaisimulia pamoja na makosa yangu.

Nilianza kwa kuilaumu programu. Kumbe programu hizi, ili zisiielemee kompyuta dhaifu, huwa na mahali pa kuchagua ubora wa onyesho: kamili, nusu, au robo. Yangu ilikuwa robo. Nilipoiweka kamili, miraba ikapungua ukubwa, nami nikashangilia mapema. Bibi akawa miraba midogo badala ya mikubwa. Nikageukia mipangilio ya kazi yenyewe. Nilikuwa nimechagua picha 30 kwa sekunde, na kamera za kwetu zilipiga 25; nikarekebisha, mikono ya wachezaji ikaacha kushtuka-shtuka, lakini miraba ikabaki. Nikageukia mahali pa kutolea video iliyokamilika, nikaongeza kiasi cha data kwa kila sekunde mara nne, kisha mara kumi. Faili likanenepa, Bibi hakubadilika. Maji ya kikombe ukiyamimina ndani ya pipa hubaki maji ya kikombe.

Ikawa usiku wa tatu ndipo nilipofanya jambo lililopaswa kuwa la kwanza: niliacha kulitazama pipa nikakitazama kikombe. Nilifungua sifa za lile faili la WhatsApp. Lilikuwa limebanwa hata likawa dogo kuliko wimbo mmoja wa kusikiliza. Nikampigia mpwa wangu, akasema alilitoa katika VCD zilizoko nyumbani kwa mama mdogo. Nikazifuata VCD zenyewe, mbili, zikiwa na mikwaruzo ya kawaida. Picha yake ilikuwa bora kuliko ya simu, hilo sikatai. Lakini miraba ilikuwemo humo humo tangu mwanzo.

Hapo nikakumbuka ni nani aliyezitengeneza. Nilikuwa mimi.

Mwaka 2004 deki zilikuwa zinakufa na kila nyumba ilikuwa inanunua mashine ya CD. Nilichukua mkanda wa mjomba nikaupeleka studio moja mjini, nikaagiza uhamishiwe kwenye diski. Fundi aliniuliza kama nataka VCD au DVD, na akanieleza tofauti ya bei. Nikachagua VCD, tena nikaona nimefanya busara. Sikuuliza tofauti ya kitu kingine chochote.

Tofauti ni hii. Kanuni za VCD ziliwekwa mwaka 1993, ili saa moja na dakika chache za sinema ziweze kukaa ndani ya diski iliyobuniwa kwa muziki. Ili kuziweka humo, ilibidi picha ipunguzwe iwe vitone 352 kwa upana na 288 kwa kimo, yaani kama robo tu ya picha ya televisheni ya siku zile, na kila sekunde ipewe biti 1,150,000. Gawanya kwa picha 25, utaona kila picha ina biti 46,000, ilhali vitone vyake ni 101,376. Hata nusu biti kwa kitone haifiki. Basi mashine hufanyaje? Huikata picha katika miraba ya vitone 8 kwa 8, na ndani ya kila mraba hutupa kwanza yale mambo madogo madogo ambayo jicho halitayakumbuka sana. Mahali palipotulia, ukuta au mbingu, hasara haionekani. Lakini kila kinachochezacheza hugharimu: majani ya mkorosho katika upepo, vumbi la ngoma, vitambaa vinavyopepea. Biti zikiisha, mashine hutupa zaidi na zaidi, mpaka mraba unabaki na rangi moja. Bibi alikuwa ametulia, lakini alikuwa ameketi katikati ya ngoma, na mpiga picha hakuwa na mkono mtulivu. Harusi ya Kimwera yenye shangwe ndicho kitu kigumu kuliko vyote kukitia katika VCD. Kisha miaka 20 baadaye mimi nikaichukua picha hiyo nikaitandaza katika televisheni, kila kitone kimoja kikafunika mahali pa vitone 15, nikashangaa.

Nilijaribu bado njia ya mkato. Kuna vichujio vya kulainisha kingo za miraba. Nilivitumia, Bibi akawa kama sanamu ya nta iliyoachwa juani. Halafu kijana mmoja akanisaidia kuipitisha video katika programu ya akili mnemba inayojaza kilichopotea. Nakiri kwamba matokeo yalinitisha. Miraba ilikwisha yote. Alitokea mama mmoja mwenye uso msafi, macho makali, kope moja moja zikihesabika. Nilimwita Mama kwa furaha. Alisogea, akatazama, akaniuliza kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa mgeni, "Huyu naye ni nani?"

Nikatazama vizuri. Bibi, kama wanawake wengi wa Kimwera wa rika lake, alikuwa na nembo: chale zilizochanjwa mashavuni na kwenye paji la uso alipokuwa msichana, na alama ya tundu juu ya mdomo iliyobaki tangu alipoacha ndonya. Miraba ya VCD ilikuwa imezimeza nembo hizo, na programu, isiyojua chochote juu ya Mtua, ilikuwa imejaza mahali pake ngozi nyororo. Haikukosea kwa ubaya. Iliulizwa uso wa kizee wa Kiafrika unakuwaje, nayo ikajibu kwa wastani wa nyuso ilizowahi kuona. Lakini mimi nimefundisha historia kwa miaka mingi, na najua thamani ya pengo. Ukurasa ulioliwa na mchwa unakuambia kwamba hapa palikuwa na kitu. Ukurasa uliojazwa na mtu mwingine unakuambia uongo kwa mwandiko mzuri. Niliifuta video hiyo kabla haijafika kwenye simu za ndugu.

Ikabaki njia moja, nayo ni mkanda wenyewe, kama ungali hai.

Mjomba sasa anaishi Mtwara. Nilimsalimu, akaitikia marahaba, akasikiliza maelezo yangu yote ya biti na vitone akiwa amefumba macho, kisha akamwagiza mtoto alete sanduku la bati kutoka uvunguni. Kaseti ilikuwamo. Kwenye ukingo wa utepe, ukiutazama kupitia kidirisha cha plastiki, palikuwa na ukungu mweupe kama unga. Fundi mmoja mzee alinikataza nisiitie kwenye deki yoyote kabla hajaifungua. Ukungu ukiingia kwenye vichwa vya deki huchafua mkanda wote, na utepe uliogandamana hukatika. Aliufuta kwa kitambaa kikavu, mita baada ya mita, siku mbili. Deki nayo ilikuwa ya kutafuta, maana kampuni ya mwisho iliyokuwa ikitengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha Julai 2016. Aliyopata ilikuwa imekuwa kiti cha paka. Akasafisha vichwa vyake kwa spiriti, akaijaribu kwanza kwa mkanda wa karate usio na mwenyewe.

Tulipoutia wa kwetu, badala ya Mtua tuliona uwanja wa mpira wa Ujerumani. Mwaka 2006, wakati wa Kombe la Dunia, mmoja wa binamu zangu alitaka kurekodi mechi, akachukua kaseti iliyokuwa karibu. Nyuma ya kila kaseti ya VHS kuna kidude cha plastiki. Ukikivunja, deki hukataa kurekodi juu yake. Kilikuwa kizima. Miaka kumi hakuna aliyewaza kukivunja. Mjomba alitoka nje ya nyumba. Mimi nilibaki nikitazama wachezaji wakipasiana, dakika ya kumi, ya ishirini, ya thelathini, nikifanya hesabu ya mahali Bibi anapoingia. Katika dakika ya 38 picha ikajaa chenga, ikalia, ikanyooka, na mbele yetu palikuwa na uwanja wa Mtua, jua la saa tisa, na mguu wa mpiga ngoma.

Bibi alikuwa bado hajaketi. Tulimpata.

Safari hii niliuliza kila kitu. Tuliunganisha deki na kompyuta kwa kifaa kidogo, tukapokea picha kwa ukubwa wake wote, vitone 720 kwa 576, kwa kubana kidogo mno, biti milioni 25 kwa sekunde, zaidi ya mara 21 ya zile nilizompa Bibi mwaka 2004. Saa moja ilikula kama GB 13 za diski. Nilipoifungua katika programu nilikuta kila kinachotembea kina meno kama kitana, nikaogopa kwamba ni ugonjwa mwingine. Haukuwa ugonjwa. Televisheni ya zamani ilichora kila picha kwa zamu mbili, mistari ya witiri kwanza kisha ya shufwa, na kompyuta huzionyesha zamu zote mbili kwa mara moja. Kuna mahali pa kuiambia izitenganishe, ukapata picha 50 kwa sekunde badala ya 25. VCD ilikuwa imetupa zamu moja nzima. Nilipozitenganisha, wachezaji wakaanza kucheza kama watu.

Sisemi kwamba picha ni safi. VHS haikuwa hodari hata siku ilipozaliwa, na rangi nyekundu inavuja nje ya kanga kama wino. Zipo chenga. Lakini ni chenga za mkanda, zinapita juu ya uso kama vumbi na kuuacha uso ulivyo.

Zile dakika 38 za mwanzo, ambamo maharusi wanawasili na babu anafungua shughuli kwa dua, hazimo tena duniani isipokuwa katika VCD zangu mbaya. Nimeziunga mwanzoni kama zilivyo, na miraba yake. Ndugu mmoja alipendekeza nizikate kwa sababu zinatia aibu; nilikataa. Diski zenyewe nimezifunga katika bahasha, na kile kidude cha kaseti nimekivunja kwa mkono wangu.

Niliporudi nyumbani sikumwambia Mama chochote. Nilimketisha palepale mkekani nikawasha. Babu akapita katika miraba yake, Mama akaanza kuguna. Kisha picha ikabadilika. Bibi akaja kutoka kushoto, akavuta kigoda, akaketi, akageuza uso kuelekea kwetu na nembo zake zote, akaanza habari ya treni.

Mama aliinua kidole akakipitisha juu ya kioo, shavuni, mstari kwa mstari, kama alivyokuwa akiwapapasa wajukuu. Hakusema juu ya macho yake. Alitazama muda mrefu, midomo ikichezacheza pamoja na maneno ya mama yake, kisha akanigeukia na uso wa mtu aliyekumbuka deni.

"Kanga hiyo ni yangu," akasema. "Aliniazima asubuhi ya harusi, hakunirudishia. Hebu rudisha nyuma niione vizuri."